Kantangaze anamaliza nyanya na dawa tunapiga. Tatizo ni dawa, ni mdudu au ni sisi?

#1 NyanyaYaIlula
Wakuu habari za jioni. Nina ekari moja na robo ya nyanya hapa Ilula, Iringa. Miche ina wiki ya sita tangu itoke kitaluni. Kantangaze ameingia na maua ya kwanza, na mpaka leo nimepiga dawa mara saba: dawa tatu tofauti, kutoka maduka mawili tofauti.

Ukipita asubuhi majani yana mabaka meupe kama yamemwagiwa maji ya moto. Ukilichuma jani ukalielekeza juani unamwona kiwavi mwenyewe ndani, katulia kati ya ngozi ya juu na ya chini, kinyesi chake cheusi kimejikusanya pembeni. Jana nimekuta matundu kwenye matunda mabichi, pale karibu na kikonyo.

Msimu wa juzi shamba hili lilinipa matenga 140. Uliopita 38. Huu sitaki hata kupiga hesabu.

Ninachouliza ni kimoja: kwa nini dawa hazimuui? Jirani anasema dawa feki. Bwana shamba anasema usugu. Mke wangu anasema tunapiga vibaya. Mwenye jibu aje nalo, na aje na sababu.

#2 Chumvi Kidogo
Feki. Uzi ufungwe.

#3 DukaniKwangu
Usiufunge bado. Nauza pembejeo mwaka wa tisa sasa, na feki zipo, sikatai. Nimeshaletewa chupa zenye lebo iliyobandikwa juu ya lebo. Lakini neno "feki" limekuwa shimo la kutupia kila kitu. Mkuu wa Ilula, kabla hatujalaumu mtu: chupa zilikuwa na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu? Kizibo kilikuwa hakijaguswa? Na kubwa zaidi, acha majina ya biashara, soma maandishi madogo utuambie kiambato ni nini.

#4 NyanyaYaIlula
Nimetoka stoo na tochi. Namba zipo zote tatu. Ya kwanza abamektini. Ya pili emamektini benzoeti. Ya tatu lambda-sihalothrini.

#5 DukaniKwangu
Basi tumeanza kuona kitu. Hizo mbili za kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Kwenye mpangilio wa kimataifa wa viuatilifu zote zipo kundi la 6, zinamshambulia mdudu mahali pamoja mwilini. Wewe umebadili chupa, yeye hajaona mabadiliko yoyote. Hiyo ya tatu ni kundi la 3, pairethroidi. Watafiti walipopima kantangaze wa Amerika Kusini na wa Ulaya waliukuta usugu wa pairethroidi kwenye vinasaba vyake karibu kila walikopita. Maana yake mdudu alitufikia akiwa ameshazoea.

Wakulima wananiambia "nipe nyingine, hii imegoma." Natoa nyingine. Mara ngapi nimetoa ya kundi lile lile? Nyingi, miaka ya mwanzo, kwa kutojua. Siku hizi naandika namba ya kundi kwa kalamu kubwa juu ya chupa.

#6 Kirungu
Samahani wakuu, kantangaze si yule inzi anayechora ramani kwenye majani? Yule mbona mimi namuua kirahisi tu.

#7 BintiMeru
@Kirungu hapana, na kuwachanganya hawa wawili kumewatia hasara wengi. Yule mchora ramani ni funza wa inzi mdogo. Mstari wake ni mwembamba, unapindapinda kama njia ya mchwa, na tunda haligusi. Kantangaze ni nondo. Kiwavi wake ana kichwa kinachoonekana na utepe mweusi nyuma ya kichwa, na handaki lake ni pana, baka zima. Anakula jani, ncha ya shina, ua na tunda. Nondo mwenyewe ni wa kijivu, mrefu kama punje ya mchele, mchana amejificha majanini, na ndiyo maana watu wanapiga vita na mtoto bila kuwahi kumwona mama.

Na siyo wa huku. Alipewa jina la kitaalamu mwaka 1917 na Edward Meyrick kwa wadudu waliotoka Huancayo, Peru. Vitabu vingi vinamwita Tuta absoluta, tangu 2021 wataalamu wamemhamishia jina la Phthorimaea absoluta. Alikaa Amerika Kusini hadi 2006 alipoonekana Hispania. Kutoka hapo ni kama moto wa nyasi: Afrika ya Kaskazini, Sudan, Ethiopia, Kenya, na 2014 tukamwona kwetu Ngarenanyuki. Nilikuwa sekondari. Baba alirudi shambani na jani moja mkononi, akaliweka mezani, hakusema kitu mpaka chakula kikapoa.

#8 MweaBoy
Sema pia haikuwa sisi Wakenya tulimtuma, maana kuna uzi mmoja hapa mlitulaumu 😀

#9 BintiMeru
Hatukulaumu, tulisema mlitangulia kumpokea.

#10 Mkwawa Jr
Kwani jina kantangaze limetokea wapi? Huku wengine tunasema kanitangaze.

#11 Mama Bustani
Nilivyoelezwa mimi ni "ka-nitangaze", nenda ukanitangaze. Akiingia kwako kijiji kizima kinajua kabla ya wiki.

#12 Chumvi Kidogo
Mimi nilisikia ni mkulima alimwambia dalali: nenda kanitangaze sina mzigo.

#13 Mkwawa Jr
Hadithi mbili, na zote zimekaa vizuri. Turudi shambani.

#14 FundiBomba
Nimesubiri mtu amtetee shemeji hajatokea, ngoja nimtetee mimi. Natengeneza mabomba ya mgongoni. Kati ya mabomba kumi yanayoletwa kwangu, mengi nozeli imetanuka mpaka inatoa matone kama mvua ya masika. Tone kubwa linateleza, linaanguka chini, dawa inakunywewa na udongo.

Sasa fikiria huyu mdudu anaishi wapi. Mayai mengi yanatagwa chini ya jani. Baada ya siku nne hadi sita hivi yai linaanguliwa, na kiwavi anatoboa jani anaingia. Dawa ya kugusa tu, kama hiyo lambda, haimfikii tena. Abamektini ina uwezo wa kupenya ngozi ya jani, sawa, lakini jua linaivunja haraka ikiwa bado juu ya jani. Ukipiga saa sita mchana, ukapiga juu ya majani tu, na nozeli imekwisha, umepiga nini? @NyanyaYaIlula unapiga saa ngapi?

#15 NyanyaYaIlula
Saa nne, saa tano asubuhi. Kibarua anafika saa tatu.

#16 FundiBomba
Shemeji apewe zawadi.

#17 DukaniKwangu
Mkuu FundiBomba hoja yako naiheshimu, ila kuna wateja wangu wana mabomba ya injini, wanapiga jioni, wanalowesha chini na juu, na bado analia mtu. Bomba halielezi yote.

#18 FundiBomba
Na kundi la dawa halielezi yote.

#19 Mzee wa Kahawa
Wanangu, mimi sina nyanya, nina kahawa, Kilimanjaro. Huku tunaye kidomozi, naye ni nondo mdogo, kiwavi wake anakaa ndani ya jani la kahawa na kuacha baka la kahawia. Nimekua nikimwona. Baba alikuwa akisema kidomozi huja baada ya dawa, sisi tukacheka. Baadaye nikajua hata watafiti wa Kenya miaka ya 1960 walikuwa wakilinganisha kahawa iliyopigwa dawa na isiyopigwa, wakimhesabu kidomozi pamoja na nyigu wadogo wanaomtagia mayai mwilini. Nyigu hao ni wadogo kuliko sisimizi. Dawa ya kuua kila kitu inawaua wao kwanza, kwa sababu wao wako nje wanatafuta, kiwavi yuko ndani amefunikwa.

Kijana wa Ilula umepiga mara saba kwa wiki sita. Nani amebaki hai shambani kwako wa kukusaidia?

#20 NyanyaYaIlula
Shikamoo mzee. Swali hilo limenikaa. Kweli hata buibui sijamwona siku nyingi.

#21 MweaBoy
Mzee anasema ukweli, na hapa Kenya kuna jambo linaloendana na hilo. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, walileta nyigu kutoka Peru mwaka wa 2017, anaitwa Dolichogenidea gelechiidivoris. Jina refu, mwili mdogo. Kule kwao ndiye humtafuta huyu kiwavi ndani ya jani, akamtagia yai. Walimchunguza kwanza wakiwa wamemfungia, kisha wakaanza kumwachilia mashambani.

Wazo ni kwamba mdudu wetu alipanda ndege na meli akaja, adui yake akabaki nyumbani. Shida ni ile ile ya mzee: ukimwachilia nyigu Jumatatu na jirani apulizie Jumanne, umefanya kazi ya bure.

#22 Kirungu
Kwa hiyo tuagize nyigu? Wakija kutuuma je?

#23 BintiMeru
Hawaumi watu. Hutawaona hata ukitafuta.

#24 Kijana wa Uyole
Naleta sababu nyingine. Jirani zenu wanalima nini? Mimi niko Mbeya, nina viazi mviringo, na kantangaze anakaa kwenye majani ya viazi pia. Anakaa kwenye biringanya. Anakaa kwenye mnavu ule tunaochuma mboga. Sasa mtu anamaliza kuvuna nyanya, anaacha mabua yamesimama miezi miwili, mnavu umeota katikati. Hiyo ni hosteli. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 250 na zaidi, na mzunguko wa yai mpaka nondo kwenye joto ni kama mwezi hivi. Wewe unasafisha kwako, kwa jirani wanafunga virago kuja.

Nigeria 2016 jimbo la Kaduna lilitangaza hali ya dharura kwa ajili ya mdudu huyu. Watu wakamwita ebola ya nyanya. Hata kiwanda kikubwa cha kusindika nyanya cha Kano kilisimama kwa kukosa nyanya. Huwezi kuniambia wote wale walikuwa na nozeli mbovu.

#25 Chumvi Kidogo
Na huwezi kuniambia wote walikuwa na dawa halali. Mimi bado nipo na feki yangu.

#26 Mama Bustani
Wapendwa, mitego je? Nina bustani Tengeru, nikanunua vile vidonge vya harufu ya jike, nikavitundika juu ya beseni la maji na sabuni. Usiku wa kwanza nondo 200 na kitu. Nilifurahi kama nimeokota pesa. Wiki ya tatu bado nakamata, na majani bado yanaungua vile vile. Inakuwaje?

#27 BintiMeru
Mama, harufu ile inaita madume peke yake. Na dume mmoja aliyepona anapanda majike zaidi ya mmoja. Kwa hiyo beseni lako linakupa habari nzuri sana, kwamba wameingia, wangapi, wiki gani wameongezeka. Kuwamaliza kwa beseni moja ni vigumu, isipokuwa ndani ya kitalu cha neti kilichofungwa vizuri.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2012 maabara moja ya Ubelgiji iliripoti kwamba baadhi ya majike ambao hawajakutana na dume kabisa walitaga mayai yakaanguliwa.

#28 Kirungu
Bila dume?

#29 BintiMeru
Bila dume.

#30 Chumvi Kidogo
Hapo nimekaa chini.

#31 Kijana wa Uyole
Dada hapo usituzidishie hofu. Hiyo ni maabara, na umesema mwenyewe ni baadhi. Mitego inashindwa kwa sababu nyepesi zaidi: majike walioshapandwa wanaingia kutoka shamba la pembeni. Narudi kwenye hoja yangu ya jirani.

#32 BintiMeru
Inawezekana zote mbili. Sijasema maabara ndiyo Tengeru.

#33 Leeds Kaskazini
Salamu kutoka Uingereza. Nasoma uzi huu nikiwa nimerudi kutembea bustani ya umma, na nimeona kitu cha kuchangia. Miti ya mwaloni huku ina mabaka meupe kwenye majani, na ukilielekeza jani kwenye mwanga kuna kiwavi ndani, sawasawa na alivyoeleza mwenye uzi. Ni nondo mdogo sana, anaitwa Tischeria ekebladella. Hakuna anayepiga dawa, na mti upo pale pale una karne zake. Nyigu wanamla, ndege wanatoboa baka wanamchomoa.

Lakini upande wa pili wa njia ile ile kuna mti mwingine wa kivuli ambao majani yake yanakuwa kahawia kabisa ikifika Agosti, kama umeunguzwa. Nondo wake aligunduliwa kando ya ziwa Ohrid, Masedonia, miaka ya 1980, akafika London 2002. Yule wa mwaloni ni mwenyeji, huyu ni mgeni. Ndiyo maana hoja ya Mzee wa Kahawa na MweaBoy naiona nzito kuliko zote.

#34 Mkwawa Jr
Uliposema mwaloni nikajua Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki kule Mwanza, nikawa natafuta dagaa wanaingiaje kwenye nyanya.

#35 Leeds Kaskazini
Umenitia hamu ya dagaa usiku huu wote.

#36 DukaniKwangu
Mfano mzuri, ila mti wa kivuli hauna tarehe ya sokoni. Nyanya ikitobolewa dalali haitazami hata mara ya pili.

#37 Nesi wa Kijijini
Naomba niingie kidogo hata kama si mkulima mkubwa. Kwenye zahanati ninakofanya kazi wanakuja watu jioni baada ya kupiga dawa: kichwa kinauma, macho yanatoa machozi, kutapika. Ukiwauliza, wamechanganya dawa tatu kwenye bomba moja, kifua wazi, maana moja moja "imegoma". Mmoja alikuwa kijana wa miaka 17, kibarua. Tulikaa naye usiku kucha, namshukuru Mungu alipona.

Na wengine wanapiga leo wanavuna kesho kutwa, wakati lebo ina siku za kusubiri. Nyanya hizo tunakatia kachumbari watoto wetu. Mnapobishana kuhusu mdudu, na mtu anayeshika bomba awemo kwenye hesabu.

#38 NyanyaYaIlula
Asante dada nesi. Kibarua wangu nimempa buti na koti la mvua, barakoa sikuwa nimempa. Kesho nanunua.

#39 Mto Themi
Bado hamjataja maji. Sehemu za Meru na Arusha maji yana magadi. Kuna dawa, hasa zile za zamani za jamii ya oganofosfeti, zinavunjika zikikaa kwenye maji ya namna hiyo. Mtu anachanganya asubuhi, anapiga mchana, dawa imeshakufa ndani ya pipa.

#40 FundiBomba
Kwa dawa hizo za zamani sawa. Hizo tatu za mwenye uzi sidhani kama ndipo penye tatizo lake. Na maji ya Ilula siyo ya Ngarenanyuki.

#41 Mto Themi
Sijasema Ilula, nimesema yasisahaulike.

#42 NyanyaYaIlula
Wakuu nimerudi baada ya siku sita. Niliona nikiendelea kusoma tu nitabaki na majibu saba na nyanya sifuri, kwa hiyo nimejaribu. Nimegawa matuta sehemu nne, kila sehemu nikachuma majani 50 siku ya nne baada ya kupiga, nikayafungua moja moja kwa wembe na kuhesabu viwavi walio hai.

Matuta niliyoacha bila dawa: 46.
Abamektini ile ile, kibarua, saa nne asubuhi kama kawaida: 39.
Abamektini ile ile, lakini nozeli mpya, saa kumi na mbili jioni, chini ya majani, aliyepiga ni mke wangu: 17.
Dawa ya kundi jingine kabisa, klorantraniliproli ya kundi la 28, kibarua, saa nne asubuhi, nozeli ya zamani: 19.

#43 FundiBomba
39 mpaka 17 kwa dawa ile ile! Tumemaliza.

#44 DukaniKwangu
39 mpaka 19 kwa bomba lile lile! Tumemaliza. Ila tahadhari: hata hilo kundi la 28 Ulaya limeshaonyesha usugu, Italia na Ugiriki. Ukilipiga kila wiki utarudi hapa hapa na uzi wa pili.

#45 Chumvi Kidogo
Abamektini imeua kwa mkono wa shemeji, kwa hiyo si feki. Hapo naondoa neno langu. Kwa chupa hiyo moja tu. Hizo nyingine mbili hujazipima.

#46 Kijana wa Uyole
Hongera kwa kazi. Lakini matuta yapo pamoja, upepo wa jioni unapeleka dawa kwa jirani, na nondo wanaruka wanavyotaka. Na 17 bado ni wengi. Hao 17 watakuwa nondo mwezi ujao.

#47 MweaBoy
Sasa mpe mke wako hilo kundi la 28, saa kumi na mbili jioni, utuletee namba ya tano.

#48 Mama Bustani
Mpe kwanza barakoa.

#49 NyanyaYaIlula
Anazo mbili, amechagua mwenyewe dukani. Namba ya tano nitaleta.

#50 Mzee wa Kahawa
Mwanangu umefungua majani 200 kwa wembe, kazi hiyo si ndogo. Nina swali. Yale 50 ambayo hukuyapiga dawa, umehesabu viwavi hai 46. Waliokufa uliwaangalia? Ulikuta ndani ya baka kiwavi amesinyaa, pembeni yake kifuko kidogo cheupe kama punje ya ulezi?

#51 NyanyaYaIlula
Sikuangalia mzee. Niliokuta wamekufa niliwatupa bila kuwahesabu. Yale matuta bado sijayagusa, kesho alfajiri nachuma 50 mengine. Mwalimu wa sayansi hapa shuleni ameniazima lenzi.